Je, Bwana Msa Alipotea Njia?



Muhula huu nilikusudia kuwaandikia somo juu ya insha za hoja: jinsi ya kuzianza, jinsi ya kupanga sababu, na jinsi ya kuzimaliza. Nilikwisha andika hata kurasa mbili. Lakini Jumamosi moja alasiri lilitokea jambo katika chumba cha maktaba yetu hapa Somanda lililonifanya niziweke kando kurasa zile, maana lilinifundisha mimi mwenyewe zaidi ya vile ambavyo kurasa zangu zingewafundisha ninyi.

Jambo lenyewe lilianza kwa kelele. Wavulana sita wa Kidato cha Pili walikuwa wamekaa karibu na dirisha, vitabu vya Jiografia viko wazi mbele yao, wala hapana aliyekuwa akivisoma. Walikuwa wakibishana juu ya Dragon Ball. Kwa ajili ya wazazi wasioijua, hii ni hadithi ya picha ya Kijapani, ya namna iitwayo manga, ambayo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Mtungaji wake ni Bwana Akira Toriyama, aliyefariki mwaka 2024. Hadithi ilianza kutoka mwaka 1984 ikaisha mwaka 1995, sura 519 kwa jumla, nayo imefanywa kuwa filamu za katuni ambazo vijana wetu huziona wakati wa likizo katika vibanda vya video mjini Bariadi, au katika simu za kaka zao. Shuleni simu haziruhusiwi. Kwa hiyo ubishi wao wote ulikuwa wa kukumbuka tu, na ubishi wa kukumbuka huwa mkali kuliko ubishi wa watu wenye kitabu mkononi.

Walikuwa wamegawanyika kama Bagika na Bagalu siku ya ngoma. Kundi la kwanza lilisema kwamba hadithi ile ilikwisha pale Goku alipomshinda Freeza. Yaliyofuata ni kurefusha kamba tu. Kundi la pili lilisema kwamba sehemu bora kuliko zote ni ile ya Cell, ambapo kijana Gohan anamshinda adui ambaye baba yake hakumweza, na kama hadithi ingalikomea kwa Freeza tusingaliiona. Mmoja akajaribu kusema kwamba sehemu zote mbili ni nzuri, ila ile ya mwisho, ya Buu, ndiyo iliyopotea njia. Huyo alizomewa na pande zote mbili.

Niliwanyamazisha, kisha nikawauliza: "Mnaposema hadithi imepotea njia, mna maana gani?"

Wa kwanza akasema, "Inachosha, Mwalimu." Wa pili akasema, "Yule niliyempenda hapati tena nafasi." Wa tatu akafikiri kidogo, akasema, "Mtungaji mwenyewe alikuwa hajui anakokwenda."

Yafaa mwone ya kuwa majibu haya matatu hayafanani hata kidogo. Jibu la kwanza ni habari za msomaji, wala si habari za hadithi. Safari ya gari kutoka Bariadi mpaka Mwanza huchosha, lakini dereva hakupotea. Jibu la pili ni habari za mapenzi yetu. Mtungaji hakutuahidi kwamba tumpendaye atakaa mbele daima. Jibu la tatu ndilo lenye kugusa jambo lenyewe, nalo ndilo gumu kulithibitisha, kwa sababu yatupasa kujua njia ilikuwa ipi kabla ya kusema imepotewa.

Hapo nikawakumbusha hadithi ambayo karibu kila mmoja wao aliisikia kwa bibi yake, hadithi ya Masala Kulangwa. Wasimulizi wa Kisukuma hutofautiana katika mambo madogo, lakini shina lake ni moja. Zimwi Shing'weng'we liliwameza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mja mzito aliyejificha katika pumba. Akamzaa Masala Kulangwa. Mtoto alipokua aliuliza, "Watu wengine wako wapi?" Mama akamweleza. Tangu siku hiyo kijana akawa anatoka kuwinda. Anaua panzi, anamletea mama yake na kuuliza kama huyo ndiye Shing'weng'we. Mama anamwambia siye. Anaua ndege, siye. Anaua mnyama mkubwa zaidi, siye. Hata mwisho analikuta lile zimwi lenyewe, analiua, analipasua tumbo, na watu wanatoka.

Sasa angalieni ufundi wa bibi zetu. Watoto wakiwa macho makavu, bibi aweza kuongeza wanyama watano au kumi kati ya panzi na zimwi. Wakianza kusinzia, anaruka mpaka kwenye zimwi. Hadithi inarefushwa au inafupishwa, lakini haipotei njia, maana kila mnyama anauliza swali lile lile: Je, huyu ndiye? Kurefusha si kupotea.

Lakini liko jambo jingine, na hapa ndipo wavulana wale walipoacha kuchungulia dirishani. Zimwi likiisha kufa, hadithi haikomi. Masala Kulangwa alipokuwa akipasua tumbo, kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja. Watu wote wanafurahi, huyo ananung'unika na kumtakia mabaya aliyemwokoa, hata kijana inambidi atafute dawa ya kuliponya sikio lile. Je, kipande hiki ni kurefusha kamba? Swali la kwanza limekwisha jibiwa: zimwi limekufa. Lakini katika jibu lile lile limezaliwa swali jipya: Walioponywa watamwonaje mponyaji wao? Mimi nasema kipande cha sikio ndicho kinachoifanya hadithi ile iwe ya watu wazima pia. Tena nasema kwamba hiki ndicho kipimo kizuri kwa hadithi yo yote inayoendelea baada ya mahali ambapo ingeweza kukoma: tutazame kama swali lake la pili limezaliwa na lile la kwanza, au limeokotwa njiani.

Nikawaeleza pia jinsi manga zinavyotungwa, kwa maana huwezi kulaumu kazi bila kujua inavyofanywa. Dragon Ball ilitoka katika gazeti la kila juma liitwalo Weekly Shonen Jump. Mtungaji alipaswa kuleta sura mpya kila juma, mwaka baada ya mwaka. Ndani ya gazeti hilo wasomaji waliwekewa kadi ya kujaza na kuirudisha kwa posta, wakitaja hadithi zilizowapendeza, na hadithi isiyopata kura za kutosha ilikuwa hatarini kukatwa. Toriyama mwenyewe alieleza kwamba mara nyingi hakupanga mambo mbele. Alipoleta maadui wapya baada ya Freeza, yaani mashine mbili zenye sura ya watu, mhariri wake wa zamani alipiga simu kulalamika kwamba ni mzee mmoja na mnene mmoja tu. Toriyama akatunga wengine wawili vijana. Wakalalamikiwa hao nao kwamba ni watoto. Ndipo akatungwa Cell. Kisha mhariri mwingine akasema Cell ni mbaya wa sura, naye akabadilishwa umbo mara kwa mara mpaka akapendeza.

Wavulana wa kundi la kwanza walishangilia waliposikia hayo. "Umeona! Alikuwa hajui anakokwenda!" Lakini wale wa kundi la pili nao wakashangilia: "Hajui anakokwenda, lakini amefika!" Nikaona kwamba hata mtungaji akikiri mwenyewe, ubishi haukwishi, maana njia ya mtungaji na njia ya hadithi huenda zikawa mbili.

Basi nilikuwa nimeridhika na somo langu, hata nikataka kurudi nyumbani kabla ya vumbi la jioni. Msichana mmoja wa Kidato cha Tatu, ambaye wakati wote ule alikuwa kimya akibandika karatasi kwenye migongo ya vitabu vilivyochakaa, akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu," akasema. "Wewe mbona umefanya kama hawa? Umeandika kwenye daftari."

Akalileta daftari la vitabu vya maktaba. Palikuwa na mwandiko wangu wa miaka sita iliyopita. Kwenye mstari wa Mzimu wa Watu wa Kale niliandika: "Bora sana." Kwenye mistari ya Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na Mke Mmoja Waume Watatu niliandika neno moja moja tu: "Dhaifu." Safu ya kuazima ilikuwa tupu kabisa kwa vitabu vile vitatu. Kwa miaka sita hakuna mwanafunzi aliyeviazima, isipokuwa yeye, muhula uliopita, tena kwa sababu, alisema, alitaka kujua kitabu dhaifu kikoje.

"Ulivisoma vyote, Mwalimu?"

Ningeweza kumjibu kwa ukali, na wengi wetu walimu hufanya hivyo tukibanwa. Ukweli ni huu. Mzimu wa Watu wa Kale nilikisoma mara tatu. Kisima cha Giningi mara moja. Duniani Kuna Watu nilikifikisha nusu. Viwili vile vingine sikuvifungua. Neno "dhaifu" nililipata kwa mwalimu aliyenifundisha mimi, nami nililichukua kama mtu achukuavyo sarafu mkononi bila kuitazama. Nilimwambia hivyo mbele ya wavulana wote sita. Palikuwa kimya, kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, nami nikacheka.

Tena jambo hili halikuwa la kucheka tu. Chama chetu cha Wasomaji kilikuwa kimeuza choroko za shamba lake dogo, na fedha zilizopatikana zilitosha vitabu vinne. Katika orodha niliyokwisha itayarisha, mtungaji huyu alikuwa amewekewa nakala nyingine ya kile cha kwanza, basi. Kama si msichana yule, neno langu moja lisilo na msingi lingaliendelea kufunga mlango.

Sasa niwaeleze wasiomjua mtungaji mwenyewe. Bwana Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, akafariki mwaka 1991. Kabla ya kuwa mwandishi alifanya kazi ya ukaguzi wa afya kwa miaka 10 hivi. Naomba msilipite jambo hilo haraka: bwana afya ni mtu anayeingia nyumba za watu wa kila namna na kutazama nyuma ya nyumba, si barazani tu. Mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari, na kuanzia mwaka 1958 mpaka alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la habari za kilimo. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na Halmashauri ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, ikachapishwa mwaka 1960. Humo ndimo tulimoonana kwanza na Bwana Msa, mpelelezi mtulivu mwenye kiko mdomoni, pamoja na mwenzake Najum.

Baada ya hicho kikaja Kisima cha Giningi mwaka 1968. Halafu Duniani Kuna Watu mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984.

Hebu itazameni miaka hiyo kama mnavyotazama hesabu. Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili ni miaka 8. Kati ya cha pili na cha tatu ni miaka 5. Kisha vitabu vinne katika miaka minne mfululizo. Mtu atasema, "Hapo ndipo haraka ilipoingia." Nami nilisema hivyo. Lakini msichana yule alinikumbusha kwamba mwaka wa kuchapishwa si mwaka wa kutungwa, na kwamba mwaka 1968 ndio mtungaji aliostaafu; mtu aliyekuwa akitunga usiku baada ya kazi ya ofisi sasa alikuwa na mchana mzima. Ni kweli. Tarehe zatuonyesha mahali pa kuuliza; hazijibu.

Wanaowalaumu wale wa baadaye wana mashitaka ya kweli, nami nitayataja yalivyo. Katika kitabu cha kwanza tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa ameuawa mzimuni, mahali ambapo watu huogopa hata kupita. Wenyeji wanasema ni kazi ya wazee waliokufa. Bwana Msa anasema mzimu hauui mtu, aliyeua ni mtu. Sitasema ni nani, maana wapo ambao hawajakisoma. Swali la kitabu hicho ni kubwa kuliko mauaji yenyewe: tukikutana na jambo la kutisha, tuliogope au tulichunguze? Hata Kisima cha Giningi kina kivuli cha swali hilo hilo, kwani Giningi katika masimulizi ya Unguja ni makao ya wachawi. Hapa kwetu, ambapo watu wazima bado wanaweza kunyamaza wakitajiwa mahali fulani penye mti fulani, kila kijana analielewa bila kufafanuliwa.

Katika vitabu vya baadaye hofu hiyo inapungua. Mara nyingi swali si nani aliyeua, bali nani ni nani: mtoto wa nani, mume wa nani, jina lake la kweli ni lipi. Mafundo ya ukoo na ndoa yanashika nafasi ya mizimu. Majina ya vitabu yenyewe yanasema hivyo. Anayefungua Mke Mmoja Waume Watatu hatazamii zimwi. Tena sadfa zinakuwa nyingi. Mtu anakutana na mtu yule hasa ambaye ilimpasa kukutana naye, siku ile ile, mahali pale pale. Sadfa moja katika hadithi ni kama chumvi. Zikiwa nyingi mno, msomaji anaanza kuuona mkono wa mtungaji ukisukuma watu nyuma ya pazia.

Haya ndiyo mashitaka, na ubishi wake si wa kwetu pekee. Bwana Msa alifananishwa tangu mwanzo na Sherlock Holmes, mpelelezi wa Kiingereza aliyetungwa na Arthur Conan Doyle, naye Holmes aliwahi kupelekwa mbele ya baraza hilo hilo. Doyle alimwanzisha mwaka 1887. Mwaka 1893 alikuwa amemchoka, akitaka kuandika hadithi za historia, basi akamwangusha katika maporomoko ya maji huko Uswisi pamoja na adui yake Moriarty. Wasomaji walikasirika sana, wakamwandikia barua za kumlaumu. Mwaka 1901 alianza kutoa hadithi ndefu ya mambo yaliyotukia kabla ya kifo kile, na mwaka 1903 akamfufua kabisa, akasema kwamba kumbe hakuanguka. Akaendelea naye hadi mwaka 1927, jumla riwaya 4 na hadithi fupi 56. Na Doyle mwenyewe alisimulia, pasipo hasira, kwamba mwendesha mashua mmoja alimwambia kuwa huenda Holmes hakufa alipoanguka, lakini tangu siku ile hakuwa tena mtu yule yule.

Mimi nampenda mwendesha mashua yule. Alisema kwa maneno machache yale ambayo wavulana wangu sita walishindwa kuyasema kwa saa nzima. Lakini hata yeye, kumbukeni, alikuwa amezisoma hadithi za baadaye. Hapo alinipita mimi.

Basi nilivichukua vile vitabu vitatu nyumbani. Kwa majuma matatu, baada ya kusahihisha daftari zenu, nilisoma. Juma la kwanza nilisoma kama hakimu ambaye hukumu iko tayari mfukoni. Nilikuwa nikihesabu sadfa kwa penseli pembeni. Juma la pili nilisahau penseli. Si kwamba sadfa zilikwisha, bali nilianza kusikiliza watu wakisema. Hakuna mtu niliyemsoma anayejua kuwafanya watu wazungumze kwa Kiswahili kama Bwana Abdulla: mzaha juu ya mzaha, kukatizana, methali inatumiwa kumfunga mtu mdomo, jibu linalojifanya si jibu. Mwanafunzi anayetaka kujua jinsi ya kuandika mazungumzo katika insha yake, badala ya kila mtu kusema sentensi nzima iliyonyoka kama rula, namwambia aanzie hapo, wala si lazima aanzie na kitabu cha kwanza.

Tulifanya mkutano wa Chama siku ya Ijumaa, watu 25, wengine wamesimama mlangoni. Nilimwachia msichana yule azungumze kwanza. Hoja yake niliiandika karibu yote. Alisema kwamba katika kitabu cha kwanza watu wanajificha nyuma ya mzimu, na katika vile vya baadaye wanajificha nyuma ya majina, ndoa na heshima ya ukoo. Kazi ya Bwana Msa ni ile ile, kuondoa pazia. Kilichobadilika ni pazia. Akaongeza kwamba kwa msichana, pazia hili la pili ndilo analoliona nyumbani kila siku. "Mzimu niliusikia kwa bibi," alisema. "Lakini mambo ya nani kaolewa na nani, na ng'ombe wangapi, na mtoto huyu hasa ni wa nani, hayo nayasikia jikoni." Wasichana walipiga makofi sana. Baadhi ya wavulana walitazama chini.

Kwa kipimo chetu cha sikio la bibi kizee, hoja yake ni kwamba swali la pili limezaliwa na la kwanza. Nilimpinga katika jambo moja. Nilisema kwamba katika Mzimu wa Watu wa Kale, Bwana Msa akiondoa pazia, kijiji kizima kinaguswa, kwa kuwa kila mtu aliamini. Lakini fundo la ukoo likifunguliwa, wanaoguswa ni watu wa nyumba ile, na sisi wengine tunabaki watazamaji. Njia ni ile ile, nilisema, ila imekuwa nyembamba. Alinijibu papo hapo kwamba njia nyembamba si njia iliyopotea, na kwamba mimi mwenyewe nilifundisha Jumamosi ile kuwa kuchosha si kupotea. Mwanafunzi akikurudishia maneno yako mwenyewe, huna pa kukimbilia.

Mvulana mmoja wa Kidato cha Nne alisimama akasema jambo ambalo wala mimi wala msichana yule hatukulifikiri. Alisema: labda si vitabu vilivyobadilika peke yake. Msomaji wa kitabu cha kwanza alikuwa hajawahi kumwona Bwana Msa. Kila werevu wake ulikuwa mpya. Alipofika kitabu cha tano alikwisha jua ya kuwa Bwana Msa atashinda, hata kama mtungaji ametunga vizuri mara mbili. Dawa yake ni kumpa mtu ambaye hajasoma cho chote kitabu cha baadaye kwanza, halafu kile cha kwanza, na kumwuliza kipi bora. Hoja hiyo ilipendeza wote kwa sababu inaweza kujaribiwa, na tumekwisha ianza. Wanafunzi wanne wa Kidato cha Kwanza, ambao walikuwa hawajamsikia Bwana Msa hata kwa jina, wamepewa vitabu. Wawili wameanza na Mzimu wa Watu wa Kale, wawili na Siri ya Sifuri. Wamekatazwa kuulizana. Mmoja wao, nasikia, amekwisha vunja sharti hilo bwenini.

Kura zilipopigwa juu ya fedha za choroko, 14 walitaka tununue vitabu vya baadaye ambavyo hatuna, yaani Mwana wa Yungi Hulewa na Kosa la Bwana Msa, nakala mbili mbili kama vitapatikana. Kumi na mmoja walitaka orodha yangu ya zamani. Mimi nilipiga kura pamoja na wale 14, si kwa sababu nimeshawishika kabisa, bali kwa sababu siwezi tena kuandika neno juu ya kitabu nisichokisoma, na hicho cha mwisho jina lake linanivuta: mtungaji aliyemfanya mtu wake awe mwerevu kwa miaka 24, mwisho anamwandikia kosa. Barua ya kuulizia vitabu imepelekwa duka la vitabu mjini Mwanza. Hata gazeti hili linapokwenda kuchapishwa, jibu halijafika.

Wavulana sita wa Dragon Ball hawajapatana. Lakini nimewapa kazi, nao wameikubali: kila kundi liandike kurasa mbili za kutetea upande wa wapinzani wao, si upande wao wenyewe. Kurasa nilizokwisha pokea ni bora kuliko insha zao zote za mwaka huu, ingawa mmoja ameandika "Freeza" kwa namna tatu.

Ama daftari la maktaba, nilitaka kulifuta neno "Dhaifu" kwa wino mweupe. Msichana yule akaniomba nisilifute. Amelipigia mstari mmoja mwembamba, neno bado linasomeka, na mbele yake ameandika kwa mwandiko wake mdogo: "Mwalimu alikuwa hajakisoma." Amefanya hivyo katika mistari yote mitatu. Safu ya kuazima ya Mke Mmoja Waume Watatu sasa ina majina saba, na la nane ni la mwalimu wa Hesabu.